Walihesabu hata kamba



Siku ya posho iliyopita nilikuwa mu sale moja ya Play, ile aina munaijua: televizio tatu, mabanki mbili za mbao, jenereta inapiga kelele nyuma ya mlango, na mtoto wa mwenye nyumba anakusanya franga za kila mechi. Vijana wawili walikaribia kupigana pale. Wote wawili ni wenzetu, watu wamesimama na sisi chini ya mvua na mabango, mmoja wao amelala mu kasho juu ya maji ya mtaa wake. Na kisa cha kupigana? Mmoja alisema Sony imeuza mashine mingi kuliko Microsoft. Mwingine akasema hapana, hesabu yako ni ya zamani. Yule wa kwanza akasimama, akapiga kifua: "Tumewapiga! Tumewapiga mbali!"

Tumewapiga. Sisi. Nilimuangalia viatu, nikaangalia vyangu. Nikajiuliza ni nani huyo "sisi".

Mimi niko na lisansi ya uchumi na sina kazi, huu ni mwaka wa tatu. Kwa hiyo wakati wa kuhesabu niko nao. Nilirudi nyumbani nikasema: sawa, kama munapenda hesabu za mauzo kiasi hicho, basi tuhesabu vizuri. Na tusichukue vita ya leo, juu leo kila mtu iko na upande wake na hatutasikilizana. Tuchukue ile imeisha zamani, hesabu zake zimefungwa: vita ya manete za kutikisa mkono. Wii, Move, Kinect. Wengi wenu mulikuwa watoto wadogo. Mimi pia. Hapa kwetu hatukuziona karibu hata moja, tulibaki na PS2 ya kushonewa waya. Lakini tutaona kwamba ile vita ilipita hapa, hata kama mashine zenyewe hazikufika.

Tuanze mwezi wa 11 mwaka 2006. Sony inaleta PlayStation 3 Marekani kwa dola 499 na dola 599. Siku mbili nyuma yake Nintendo inaleta Wii kwa dola 250. Microsoft iko tayari sokoni na Xbox 360 tangu mwaka mmoja. Wii ilikuwa mashine zaifu, tuseme ukweli. Picha zake hazikuwa safi kama za wengine. Lakini ilikuja na manete unayoshika kama kipande cha mbao: ukitikisa mkono, mtu wa mu televizio anapiga mpira. Kwa hiyo bibi na babu wa Ulaya, ambao hawakuwahi kushika manete maisha yao yote, walianza kucheza tenisi mu saloni. Watu wa michezo walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Mwisho wa hesabu: Wii milioni 101.63. PlayStation 3 milioni 87 na kidogo. Xbox 360 zaidi ya milioni 84.

Hapo njo nataka musimame kidogo. Manete ya Wii ilikuwa na kamba ndogo ya kufunga mkononi. Watu walikuwa wanatoka jasho, mkono unateleza, kamba inakatika, manete inaruka, inaenda kuvunja kioo cha televizio. Ilitokea mu manyumba mingi kiasi kwamba kufika mwezi wa 12 mwaka 2006, hata mwezi mmoja haujaisha tangu mashine itoke, Nintendo ilitangaza kwamba itabadilisha kamba bure. Kamba milioni 3.2. Ile ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 0.6, mpya ikawa milimita 1.

Milimita 0.6. Walijua unene wa uzi. Walijua ni kamba ngapi zilitoka, zilitoka kiwanda gani, ziliingia mu sanduku gani, na namna ya kutuma mpya nyumbani kwa mteja. Muweke kamba hiyo mu mufuko, nitaiomba mbele.

Sasa 2010. Sony na Microsoft walikuwa wamechoka kuona Nintendo anakula peke yake. Katikati ya mwezi wa 9, Sony ikatoa PlayStation Move: fimbo nyeusi na mpira juu yake unaowaka rangi, kamera inaufuata. Tarehe 4 mwezi wa 11, Microsoft ikatoa Kinect Marekani: hakuna manete kabisa, ni kamera inakuangalia mwili mzima, unarusha mguu na mtu wa mu televizio anarusha mguu. Bei dola 150, bila mashine yenyewe. Ilikuwa imepangwa kwa ajili ya Noeli.

Na hapo vita ya namba ikaanza, na mimi kama mtu wa uchumi niliisoma kwa furaha, naungama. Sony ikatangaza: mu miezi miwili ya kwanza, Move milioni 4.1! Wapenzi wa Sony wakashangilia. Kisha ikajulikana kwamba milioni 4.1 ni zile zilizouzwa kwa maduka, si zile zilizofika mu mikono ya wachezaji. Zile zimelala mu depo zimehesabiwa. Zile ziko mu kamyo ziko njiani zimehesabiwa. Tena mtu mmoja anaweza kununua fimbo mbili, juu michezo fulani inaomba mkono wa kuume na wa kushoto, na akiongeza ndugu yake zinakuwa nne. Kwa hiyo milioni nne za fimbo haiko milioni nne za nyumba. Kinect wewe unanunua moja tu. Unaona vile namba moja inaweza kuvaa mashati tofauti?

Upande wa Wii ni vilevile. Mchezo wa Wii Sports unahesabiwa nakala karibu milioni 83, na watu wanauita mchezo ulioshinda karibu yote duniani. Lakini karibu kila mahali isipokuwa Ujapani ulikuwa ndani ya sanduku la mashine. Hakuna aliyeuchagua dukani. Ni kama kusema chumvi ni chakula kinachopendwa kuliko yote mu mji wa Goma.

Bon. Namba za muuzaji ni namba za muuzaji. Anahesabu anachotaka, siku anayotaka, na sisi tunazibeba kichwani bure kama wapagazi. Ndugu yangu wa "tumewapiga", unafanya kazi ya matangazo bila mshahara. Mimi niko shomere lakini hata mimi nisingekubali hiyo kazi.

Lakini haya ni maneno ya juu tu. Nilipofika kwenye tarehe njo nikaacha kucheka.

Muchukue kalenda ya 2010. Tarehe 9 mwezi wa 9, Raisi Joseph Kabila anatangaza kusimamisha uchimbaji wa madini mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Yote: koltani, kasiterite, dhahabu, wolfram. Wiki inayofuata, Sony inatoa Move. Munakumbuka ile miezi? Wakubwa wetu wanaikumbuka. Walikale, Shabunda, Rubaya, Kalima: wachimbaji wamekaa chini, wanawake waliokuwa wanauza fufu pale kilimani wanarudi na masufuria, watoto wanarudishwa nyumbani kutoka masomo juu minervali haipo. Na wakati raia walikatazwa kuchimba, wataalamu wa ONU waliandika kwamba wanajeshi waliendelea kuchimbisha kule Bisie kama vile amri haiwahusu.

Amri ikaondolewa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2011.

Sasa muangalie siku moja nyuma yake. Tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2011, Microsoft inatangaza kwamba Kinect imefika milioni 10, na kwamba Guinness World Records imeiandika mu kitabu: chombo cha umeme cha watu wa kawaida kilichouzwa haraka kuliko vyote, milioni 8 mu siku 60 za kwanza. Kitabu kikatoa hata wastani: 133,333 kwa siku.

Miezi sita ileile. Kule kila siku ilikuwa na namba yake. Hapa nani alihesabu siku ya mama wa Walikale? Nani alihesabu magunia yaliyolala, na yale yaliyopita usiku?

Sisemi kwamba Kinect ilitengenezwa na koltani ya Rubaya. Sijui, na ninyi hamujui. Ubaya wenyewe uko palepale: hakuna mtu angeweza kutuambia, hata Microsoft yenyewe. Lakini kwa vitu vingine walijua sana. Kinect haikumaliza mwezi sokoni, wahandisi wakaifungua kwa bisibisi, wakapanga vipande vyake juu ya meza, wakasema vyote pamoja vinagharimu kama dola 56. Kipande cha kamera kimetoka kampuni fulani, kipande cha kusikia sauti kampuni nyingine, jicho lenyewe kwa PrimeSense ya Israeli. PlayStation 3 nayo ilifunguliwa mwaka 2006: vipande vya zaidi ya dola 800, na Sony inauza kwa 599, inakubali hasara ili imshinde jirani. Kila kipande kiko na jina, bei, na mama yake. Mpaka ufike kwenye madini. Hapo ghafla kila mtu anakuwa kipofu. Madini, wanasema, yanapita mu mikono mingi.

Kwa wale hawajui: ndani ya karibu kila chombo cha umeme kuna vipande vidogo vya kutunza umeme, fundi wa redio anaviita kondansatere, na vingine kati yao vinatengenezwa na tantali, ambayo njo tunachimba kwa jina la koltani. Na vipande vyote vinaunganishwa na bati, ambalo linatoka mu kasiterite. Hayo mawili ni madini ya kilima chetu. Hatuko watu wa nje ya hiyo stori.

Sasa naenda kukosana na baadhi yenu. Kuna ile picha inazunguka mu WhatsApp: manete ya Play inatoka damu, chini yake maneno kwamba vita ya Kongo ilianzishwa na PlayStation. Vijana wetu wanaituma kila siku. Mimi naomba tuiache.

Najua inatoka wapi. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, Ujapani mwezi wa 3 na Marekani mwezi wa 10. Mwaka uleule bei ya tantali ilipanda mara kadhaa, watu wa Kivu waliacha mashamba wakakimbilia vilima, na mwaka 2001 bei ikaanguka na kuwaacha na mashimo. Hayo ni kweli, wazazi wetu waliyaona. Lakini vita ilikuwa imeanza 1996, ikaanza tena 1998. Tantali ilitakiwa sana juu ya telefone na ordinatere, haikuwa Play peke yake. Na wakati ule nchi iliyotoa tantali mingi kuliko zote ilikuwa Australia. Ukituma ile picha, mtu wa kampuni anaifungua, anakujibu kwa dakika tano, na anaondoka akiwa msafi. Umempa mlango wa kutokea. Mtu anayedai haki na hesabu za uongo anamsaidia mdaiwa.

Chukua jambo lingine la mwaka ule ule, lenye uzito kuliko picha yote. Mwezi wa 11 mwaka 2000, RCD waliokuwa wanatawala Goma walipatia kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kutoa koltani nje. Wataalamu wa ONU waliandika kodi ilikuwa dola 10 kwa kilo. Kwa kilo! Maana yake kulikuwa na mizani. Kulikuwa na mtu anaandika mu kaye: kilo hii, dola kumi, kilo hii, dola kumi. Mu vita, bila intaneti, bila kura, juu ya barabara ile ya matope, waliweza kujua kila kilo.

Na leo? Rubaya iko mu mikono ya M23 tangu mwezi wa 4 mwaka 2024. Wataalamu wa ONU wakaandika kodi wanayokusanya pale: kama dola 800,000 kwa mwezi. Huwezi kukusanya kodi ya namna hiyo bila kuhesabu. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba koltani ya Kongo haihesabiki, ni ya kienyeji, inabebwa mgongoni, inapita mu pori. Wenye bunduki wanaihesabu chini kilimani. Wenye maduka wanahesabu kila sanduku juu kule. Hesabu inapotea katikati tu, pale ambapo ikijulikana mtu fulani angelipa.

Mwaka 2010 huohuo, mwezi wa 7, Marekani ilitunga sheria, ile ya Dodd-Frank, na kipengele chake cha 1502 kikasema: kampuni zinazotoa ripoti kwa soko la hisa la Marekani zitafute kama tantali, bati, wolfram na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani, na ziseme. Ripoti za kwanza zilitoka katikati ya mwaka 2014. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizisoma, ikakuta kwamba asilimia 67 hivi ya kampuni ziliandika kwamba hazikuweza kujua madini yao yanatoka inchi gani. Sibishi kwamba kazi ni ngumu. Lakini theluthi mbili!

Na Nintendo, mshindi wetu wa Wii? Mwaka 2012 shirika la Enough Project la Marekani lilipanga kampuni za vyombo vya umeme kufuatana na juhudi zao juu ya madini ya vita. Nintendo ilipata sifuri. Sifuri kamili, ya mwisho mu darasa. Kampuni ileile.

Naomba sasa ile kamba.

Kioo cha televizio kilipovunjika, Nintendo ilitafuta kamba milioni 3.2 kabla ya Noeli kufika. Hakuna aliyesema kamba imepita mu mikono mingi. Hakuna aliyesema itachukua miaka minne, tuunde kwanza kamati. Uzi wa milimita 0.6 ulikuwa na mwenyewe, juu televizio ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe angeenda mahakamani.

Kuna mambo mawili watu watanijibu, na nayasikia tayari.

La kwanza: ile sheria iliumiza wachimbaji. Ni kweli. Mimi niko na mjomba alikuwa negosia mdogo wa kasiterite, na baada ya amri ya Kabila wanunuzi wengi waliogopa, wakaondoka, bei ikaanguka, hakusimama tena. Sasa anauza unite za telefone kando ya barabara. Kwa hiyo sitaimba wimbo wa sheria ya Wamarekani hapa. Njia rahisi kwa kampuni ilikuwa kukimbia Kongo ili isihesabu, na zingine zilichagua hiyo. Ndiyo maana sikuombeni mususie michezo, wala musitupe manete mu ziwa. Ukisusia, wanakimbia tena, na mjomba mwingine anaenda kuuza unite. Tunaomba wanunue na waseme: tulinunua hapa, kilo kadhaa, bei hii, kodi hii ililipwa kwa fulani.

La pili: Serikali yetu yenyewe haihesabu. Ni kweli pia, na hapo sina cha kujitetea. Tumewekewa mfumo wa etiketi, ile plastiki inafungwa juu ya mufuko ili kuonyesha mgodi unaotoka. Ripoti za ONU zimerudia kuandika kwamba etiketi zinauzwa, mufuko wa mgodi huu unavaa etiketi ya mgodi ule. Mukubwa fulani anakula pale. Tumemwambia mara ngapi na tutamwambia tena, hiyo njo kazi yetu ya kila siku. Lakini mwizi wa nyumbani hamtakasi mnunuzi wa nje. Mtu aliyenunua nguruwe usiku wa manane kwa nusu bei, bila kuuliza, asije kusema mlinzi wa zizi alikuwa amelala.

Na ile vita ya manete iliishaje? Ni kichekesho. Microsoft iliuza Kinect milioni 24 kufika mwanzo wa 2013, halafu ikajiamini sana. Xbox One ikatoka mwezi wa 11 mwaka huo na Kinect ndani ya sanduku kwa lazima, dola 499. PlayStation 4 ikaja bila kamera kwa dola 399. Watu walichagua dola mia yao. Mwezi wa 6 mwaka 2014 Microsoft ikaitoa Kinect mu sanduku, na mwaka 2017 ikaacha kuitengeneza kabisa. Nintendo naye alijaribu mashine nyingine, Wii U, akauza milioni 13 na nusu tu. Fimbo za Sony zililala mpaka 2016, zikafufuliwa kidogo na miwani ya PlayStation VR. Miaka kumi hivi, kelele yote ile, na mwisho kila mtu amekaa chini tena na manete ya kawaida, ya vidole.

Kwa hiyo mashine zenyewe ziko wapi sasa? Mu mitiroa. Mu magaraji ya Ohio, mu kave za Lyon, chini ya vitanda. Makumi ya milioni ya vyombo ambavyo vilitikiswa Noeli moja au mbili. Ndani ya kila kimoja kuna bati, na ndani ya vingine kuna tantali, gramu kidogo kidogo, na sehemu yake imetoka mahali ambapo mtu aliingia shimoni bila taa. Sehemu gani? Ngapi? Naomba namba. Ninyi wapenzi wa namba, muniletee hiyo.

Ndugu zangu wawili wa siku ya posho, sina hasira na ninyi. Mimi pia nacheza, na yule aliyenipiga 4 kwa 1 anajijua. Muendelee kucheza. Lakini siku mutakaposimama kupiga kelele juu ya mauzo, muulize na ile namba inayokosa. Mufungue ripoti za Sony na za Microsoft, ziko mu intaneti, za bure, zinatolewa kila mwaka. Muende mpaka pale kwenye orodha ya viwanda vya kuyeyusha madini, musome majina, muhesabu vingapi viko pale na ni vingapi wanasema kwa ukweli chanzo chake. Ni kazi ya jioni moja. Inachukua wakati mufupi kuliko shampiona moja ya FIFA.

Mimi nimeanza kuandika barua tatu, kwa Sony, kwa Microsoft na kwa Nintendo. Maswali ni manne tu. Tantali na bati ya mashine munazouza sasa inayeyushwa mu viwanda gani? Kati ya hivyo, ni vingapi vilipokea madini ya Kongo mwaka jana? Kilo ngapi, kutoka mgodi gani? Na kodi ya hizo kilo ililipwa kwa nani? Hatuombi zawadi, hatuombi waje kujenga masomo na kupiga picha na watoto wetu. Wajibu tu kama walivyojibu mwenye televizio.

Ile ya Kifaransa imekwisha. Ya Kiingereza inahitaji mtu wa kuisafisha, yangu ni ya masomo. Anayetaka kuweka sahihi aje siku ya yenga saa nane, mahali petu pa kawaida, na akuje na mwenzake wa upande wa pili: mutu wa Sony na mutu wa Xbox, pamoja. Na kama kuna mmoja kati yetu anayejua kuandika Kijapani, hata kidogo, asijifiche.